Mamajusi Walijua Wakati wa Kuondoka

Tafakari juu ya mgeni, mwenyeji na mipaka iliyofungwa
Masomo: Mt 2:1-12, Mdo 27:9 – 28:11





Kila mwaka tunapoadhimisha Tokeo la Bwana tunahubiriwa sana jinsi Mamajusi walivyokuja. Nyota, safari ndefu, dhahabu, uvumba na manemane. Ni sawa kabisa. Lakini leo naomba tusimame kwenye mstari ambao huwa tunaupita mbio kama basi lisilosimama kituoni, yaani mstari wa 12. Hapo Mathayo anatuambia kwamba wageni wale walionywa katika ndoto, hawakupita tena kwa Herode, wakashika njia nyingine wakaenda kwao. Basi. Hatuwasikii tena katika Injili. Walikuja, wakaabudu, wakatoa walichonacho, wakaondoka.

Hivi umewahi kujiuliza ingekuwaje kama wangebaki? Bethlehemu ulikuwa mji mdogo. Watu wa mashariki, wenye lugha nyingine na mavazi mengine, wasingeweza kujificha. Wangekaa wiki moja zaidi, kwa nia njema tu, kwa mapenzi yao kwa Mtoto, na huenda wao wenyewe ndio wangekuwa alama ya kuwaonyesha askari wa Herode mlango wa kugonga. Kumbe kule kuondoka kwao nako kulikuwa zawadi. Waliacha dhahabu nyumbani mwa Yosefu na Maria, kisha wakawaachia na usalama.

Sisi tumezoea kufikiri kwamba upendo ni kuja na kukaa. Mamajusi wanatufundisha kwamba upendo wakati mwingine ni kufunga mzigo na kwenda nyumbani kwa wakati.

Machi ya 2020

Nimelikumbuka fundisho hili kwa sababu ya jambo ambalo kizazi chetu kimelipitia kwa macho. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona ni janga la dunia. Ndani ya siku chache mipaka ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Majirani zetu Kenya walitangaziwa Jumapili ya tarehe 22 Machi kwamba ndege za kimataifa za abiria zingesimama usiku wa Jumatano, tarehe 25, na kwamba mgeni anayetaka kuondoka afanye mipango yake kabla ya hapo. Siku tatu tu! Ukiacha ndege za mizigo na zile maalumu za kuwarudisha watu makwao, safari za kawaida za kimataifa zilirudi tarehe 1 Agosti. Hapa Tanzania mgonjwa wa kwanza alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi, mwezi wa Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na anga likafunguliwa tena tarehe 18 Mei. Ujerumani peke yake iliwarudisha nyumbani wasafiri wapatao 240,000 waliokuwa wametawanyika duniani kote.

Fikiria sasa mtalii, mwanafunzi, mfanyabiashara, mama aliyekwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua ughaibuni. Wote ni wageni. Wote pasipoti zao zina mhuri wenye tarehe ya mwisho. Na ndege hakuna.

Katika siku zile, wageni waligawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza waliondoka mapema, wengine wakilipa tiketi kwa bei ya kutisha. Kundi la pili walitaka kuondoka wakashindwa kabisa. Kundi la tatu waliweza kuondoka, lakini wakaona korona ni kisingizio kizuri cha kubaki. Kwa nje, kundi la pili na la tatu wanafanana. Afisa wa uhamiaji anaona pasipoti mbili zilizopitwa na tarehe. Mungu anaona dhamiri mbili tofauti.

Na hapa ndipo jambo hili linapotuhusu, hata wewe ambaye hujawahi kupanda ndege. Maana swali lenyewe ni hili: ninapopewa nafasi kwa masharti, kisha dharura ikatokea, je, natumia dharura kuomba msaada au kuiba nafasi?

Malango ya mji uliozingirwa

Waliosoma falsafa wanajulikana kwa kupenda kuuliza sheria ni nini, basi nivumilieni kidogo. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba sheria ni agizo la akili, kwa ajili ya manufaa ya wote, lililotolewa na mwenye dhamana ya jumuiya na kutangazwa wazi. Vipande vinne: akili, manufaa ya wote, mwenye dhamana, tangazo. Kikikosekana kimoja, hiyo siyo sheria kwa maana kamili.

Najua kuna mmoja wenu anataka kunikamata hapa: "Sasa Frateri, Mamajusi si walivunja amri ya mfalme? Herode aliwaambia warudi kumpa habari, wao wakapita njia nyingine!" Swali zuri. Herode alikuwa na kiti, lakini agizo lake halikuwa la akili wala la manufaa ya wote. Lilikuwa mtego wa kumwua mtoto. Hakuna anayefungwa mbele ya Mungu na agizo la namna hiyo. Lakini sheria inayosema, "Ndugu mgeni, kuna ugonjwa, hospitali zetu zina vitanda vichache na wazee wetu wanakufa, tafadhali rudi kwenu kabla hatujafunga njia," hiyo ina akili ndani yake, na ina manufaa ya wote. Tusimpake mafuta ya Mamajusi kila mvunja sheria.

Halafu Thomas anatoa mfano ambao, ukiusoma baada ya 2020, utadhani aliuandika akiwa amekwama uwanja wa ndege. Upo katika Summa yake. Anasema: tuseme mji umezingirwa na adui, na sheria inataka malango yafungwe. Sheria nzuri, inalinda watu wote. Lakini tuseme raia wa mji huo, walinzi wake wenyewe, wako nje wanakimbizwa na adui. Je, tuwaachie wafe mlangoni kwa sababu sheria imesema malango yafungwe? Hapana, anasema Thomas. Malango yafunguliwe, kwa sababu aliyeitunga sheria alikusudia uhai wa mji, hakukusudia kufuli.

Wengi huishia hapo wakafurahi. Ila Thomas anaendelea, na hiki ndicho kipande tunachokihitaji zaidi. Anasema kwamba ikiwa hatari si ya ghafla, mtu wa kawaida hana ruhusa ya kujiamulia mwenyewe kwamba sheria haimhusu; aende kwa wenye mamlaka aulize. Ikiwa hatari ni ya ghafla na hakuna nafasi ya kuuliza, hapo hitaji lenyewe linabeba ruhusa yake.

Ona jinsi inavyokaa vizuri. Mgeni ambaye ndege yake imefutwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho wa viza yake hana dhambi yoyote. Hakuwa na njia. Lakini mgeni huyo huyo, kesho yake asubuhi, ana muda. Ana simu. Ofisi ya uhamiaji ipo, ubalozi upo. Sasa wajibu wake umebadilika sura: alitakiwa kuondoka, ameshindwa, basi anatakiwa kusema. Kunyamaza miezi mitano na kutumaini kwamba hakuna atakayegundua, hilo korona halikumlazimisha.

Nchi nyingine ziliweka hekima hii ndani ya utaratibu wao. Uingereza, kwa mfano, ilitangaza Machi 2020 kwamba mgeni ambaye viza yake iliisha baada ya tarehe 24 Januari, na ambaye kweli hawezi kuondoka kwa sababu ya vizuizi vya safari au kujitenga, angeongezewa muda. Mwanzoni alitakiwa kuwasiliana na uhamiaji. Muda uliwekwa hadi mwisho wa Mei, ukasogezwa hadi mwisho wa Julai, kisha mwezi wa Agosti ukaachwa kwa ajili ya kujipanga na kuondoka. Lango lilifunguliwa, lakini kwa mwenye kubisha hodi.

Na yule anayedanganya kwamba amekwama, anamwibia nani? Anamwibia yule aliyekwama kweli. Kila uongo ukigunduliwa, afisa anakuwa mgumu zaidi kwa mama wa watu anayekuja baadaye analia ukweli mtupu. Uongo wa mmoja unafunga lango kwa wengi. Ndiyo maana amri ya nane haiishii kwenye umbea wa kijiweni. Inafika mpaka kwenye fomu unazojaza.

Mwenyeji naye asikie

Wahenga wetu wana misemo miwili juu ya mgeni, na ni lazima iende pamoja. Mmoja: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwingine: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wa kwanza unamkumbusha mwenyeji kwamba mgeni ni baraka. Wa pili unamkumbusha mgeni kwamba baraka ina mipaka. Ukishika mmoja ukaacha mwingine utapotea.

Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1795, katika kitabu chake juu ya amani ya kudumu, kwamba kila binadamu ana haki ya kuzuru nchi ya wengine bila kutendewa kama adui, lakini haki hiyo siyo haki ya kuwa mkaazi. Mwenyeji anaweza kumwondoa mgeni. Ila Kant anaweka sharti zito: anaweza kumwondoa ikiwa kumwondoa hakutamwangamiza. Kanisa nalo, katika Katekisimu namba 2241, linafundisha pande zote mbili: mataifa yenye uwezo yana wajibu wa kumpokea mgeni kadiri inavyowezekana, mamlaka zinaweza kuweka masharti kwa ajili ya manufaa ya wote, na mgeni ana wajibu wa kuheshimu kwa shukrani urithi wa nchi inayompokea na kutii sheria zake.

Sasa tuseme ukweli jamani. Katika janga lile wenyeji wengi walianguka mtihani. Aprili 2020, katika mji wa Guangzhou huko China, Waafrika walitolewa kwenye nyumba za kupanga na hotelini kwa hofu ya korona, wengine wakalala nje barabarani, mpaka serikali za Afrika zikalalamika. Huko Beirut, Juni 2020, wafanyakazi wa ndani kutoka Ethiopia waliachwa na waajiri wao nje ya ubalozi wao mdogo, na mabegi yao, kama mzigo usio na mwenyewe. Baadaye mwaka huo akina dada wa Kenya nao walikusanyika nje ya ubalozi mdogo wa nchi yao mjini humo wakiomba kurudishwa nyumbani. Chini ya mfumo unaoitwa kafala, kibali cha mfanyakazi wa namna hiyo kimefungwa kwa mwajiri wake, na mara nyingi hata pasipoti inafungiwa kabatini. Utamwambia nini dada huyo kuhusu kurudi kwa wakati? Wakati siyo wake. Yeye anatamani ndege kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo kabla hujamnyooshea kidole mtu "aliyezamia", uliza kwanza: alikuwa na mlango? Na kama una ndugu au jirani anayemwajiri binti wa kazi kutoka mkoa mwingine au nchi nyingine, uliza pia: kitambulisho chake anakishika nani? Nauli yake ya kurudi kwao ipo? Mwenyeji anayemnyima mgeni njia ya kwenda nyumbani anatenda dhambi kubwa kuliko mgeni anayechelewa.

Paulo na kuni za Malta

Wapo tena waliokwama bila kosa lao na bila kuonewa na mtu. Kwa hao Mungu ametupa Paulo.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 27. Majira ya kusafiri baharini yalikuwa yamekwisha; Luka anasema hata siku ya Mfungo ilikuwa imepita. Katika bahari ile, meli zilikuwa zinakaa bandarini wakati wote wa baridi. Hicho nacho kilikuwa kizuizi cha safari, kilichowekwa na upepo wenyewe. Paulo akaonya: tukiendelea tutapata hasara. Lakini akida akamsikiliza nahodha na mwenye meli kuliko mfungwa. Matokeo unayajua. Tufani, siku kumi na nne bila kujua waliko, meli ikavunjika, na watu wote 276 wakafika pwani wakiwa hai, kwa neema ya Mungu tu.

Wakajikuta Malta. Wageni 276 waliolowa, wasio na tiketi ya kurudi. Wenyeji wakawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Na Paulo alifanya nini? Hapa huwa natabasamu. Mtume wa Mataifa, aliyeandika nyaraka tunazozisoma kanisani, ambaye alikuwa bado mfungwa, akaenda kuokota kuni. Mgeni hakungoja siku ya tatu kupewa jembe. Alilichukua mwenyewe siku ya kwanza! Kisha Publio, mkuu wa kisiwa, akawakaribisha siku tatu. Baba yake alikuwa mgonjwa wa homa na kuhara. Paulo akamwombea akapona, na wagonjwa wengine wakaja.

Walikaa miezi mitatu. Na ilipopatikana meli ya Aleksandria iliyokuwa imekaa kisiwani humo wakati wa baridi, wakapanda. Paulo hakusema, "Hapa wananipenda, chakula kipo, na huko Roma ninaenda kuhukumiwa, ngoja nibaki." Alikuwa na kila sababu ya kibinadamu ya kubaki! Lakini njia ilipofunguka, alikwenda. Na wenyeji wakawafungia mahitaji ya safari.

Huyo ndiye mgeni mwema aliyekwama: hadanganyi, halalamiki, anaokota kuni, anawaombea wenyeji wake, na lango likifunguka anaondoka kwa heshima. Mgeni wa namna hiyo akienda, watu wanamsindikiza. Mgeni wa namna nyingine akienda, watu wanabadilisha kufuli.

Tufanyeje basi?

Korona imepungua makali, lakini majaribu hayajaisha. Wengi wenu mnaota kusoma nje, kufanya kazi Ghuba, kumtembelea mjomba Ulaya. Nendeni, Mungu awatangulie. Lakini shikeni haya.

Kwanza, ijue tarehe yako. Kibali chochote ulichopewa, cha nchi, cha hosteli, cha nyumba ya shangazi, kina mwisho. Kuujua ni heshima kwa aliyekupa.

Pili, dharura ikitokea, sema mapema na useme kweli. Nenda ofisini, piga simu ubalozini, tunza karatasi zako. Ukweli uliosemwa mapema una nguvu kuliko machozi ya mwisho.

Tatu, ukikwama, okota kuni. Usiwe mzigo kama una mikono. Na ukiwa mwenyeji, washa moto kwanza, maswali baadaye.

Nne, usitumie jina la Mungu kuhalalisha ulichokwisha kuamua. "Mungu amenifungulia mlango" ni sentensi nzuri, ila hakikisha siyo wewe uliyevunja dirisha.

Nyumbani ni wapi?

Wapendwa, tarehe 27 Machi 2020 Papa Fransisko alisimama karibu peke yake katika uwanja wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha, uwanja mtupu. Akatafakari Injili ya Marko juu ya mitume ndani ya tufani. Alitukumbusha kwamba sote tumo katika chombo kimoja. Jioni ile dunia nzima ilikuwa ugenini. Hata aliyekuwa sebuleni kwake alijihisi amekwama.

Hilo ndilo Waraka kwa Waebrania unalotufundisha katika sura ya 13, na Petro katika waraka wake wa kwanza: sisi ni wasafiri, mji wetu wa kudumu hauko hapa. Kila mmoja wetu ameingia duniani na mhuri wenye tarehe, ila tarehe yenyewe ameificha Mwenyeji. Ndiyo maana swali la kurudi nyumbani kwa wakati siyo la watalii tu. Kijana anayejifunza kuachia kiti, kurudisha cha watu, kuondoka bila kuburutwa, anajizoeza kufa vizuri. Na anayeng'ang'ania kila kitu, kwa uongo na kwa ujanja, siku ya kuitwa nyumbani atatafuta njia ya kumkwepa Baba yake mwenyewe.

Mamajusi walirudi kwa njia nyingine. Mababa wa Kanisa walipenda kuliona jambo hilo kama picha ya uongofu: aliyekutana na Kristo harudi kwa njia ile ile aliyojia. Wewe je, ulipotoka Misa Jumapili iliyopita, ulirudi kwa njia gani?

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyekuwa mgeni Misri ukingali mtoto, uwatazame wote walio mbali na kwao. Waliokwama uwafungulie njia. Walionyang'anywa pasipoti na uhuru uwatetee. Wanaobaki kwa uongo uwape ujasiri wa kusema kweli. Sisi wenyeji utupe moto wa kuwasha, na sisi wageni utupe mikono ya kuokota kuni. Na siku yetu itakapofika, utuonyeshe njia ya kurudi kwa Baba. Amina.

Mama Maria, uliyekimbilia ugenini na kurudi nyumbani, utuombee.

Nawatakia tafakari njema. Ndimi ndugu yenu katika Kristo,
Frateri.